Yatima aliyelelewa na mizimu ya Tongoni: mizimu "ilisema" au mizimu "walisema"?

Mwalimu wa Ngamiani, Tanga, ameuliza:

Assalaam aleikum, na habari za kutwa kwa wanajukwaa wote. Ninaandika riwaya ya fantasia kwa wasomaji wa umri wa miaka 12 hadi 16, na nimekwama mahali ambapo sikutazamia kabisa kukwama. Kisa kinatokea Tongoni, kusini ya mji wetu, ukifuata njia ya Pangani. Mtoto wa kiume wa miaka mitatu, aliyefiwa na baba na mama usiku mmoja, anatoka nyumbani akimfuata mbuzi, anaingia kwenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40 yaliyouzunguka, na wale waliolazwa humo zaidi ya miaka 500 iliyopita wanashauriana usiku kucha kisha wanaamua kumlea. Wanampa jina la Mashaka. Anajifunza kuhesabu kwa vishimo vilivyobaki kwenye nguzo za makaburi, pale zilipokuwa zimepachikwa bakuli za kauri kabla ya watu kuzing'oa.

Sura tatu nimekwisha kuziandika, lakini kila nikizisoma nagota kwenye jambo moja la sarufi ambalo naona si la sarufi peke yake. Niliandika, "Mizimu ilikaa ikamtazama mtoto," nikaona sentensi ni sahihi lakini imepooza, kana kwamba nasimulia habari za miti au mito. Nikaibadilisha, "Mizimu walikaa wakamtazama mtoto," ikapata uhai, ila mwenzangu wa kazini niliyempa mswada akaipigia mstari mwekundu na kuandika pembeni kwamba mwalimu hapaswi kukosea ngeli. Nimejaribu kulikwepa neno lenyewe kwa kuandika "wazee wa makaburini", "wale waliotangulia", na mengine ya namna hiyo, lakini riwaya nzima haiwezi kuandikwa kwa kukwepa.

Naomba msaada wenu katika hilo, na pia mnieleze iwapo mzazi wa hapa Tanga atakubali mwanawe asome kitabu ambamo wafu wanamfundisha mtoto na kumwimbia bembea.

Mzee wa Mtang'ata amejibu:

Wa aleikum salaam, mwanangu. Nimefurahi kwamba umeichagua Tongoni, kwa sababu jina lenyewe limekwisha kukuandikia nusu ya sura ya kwanza: tongo ni mahali palipokuwa na watu pakahamwa, na Tongoni ni kwenye mahame. Lakini mizimu yako haiwezi kupaita hivyo. Wao walipokuwa hai mji ulikuwa mji, na jina lililojulikana kwa wageni waliokuja na merikebu ni Mtang'ata. Mtoto akija na neno "Tongoni" alilolisikia kwa wazazi wake, wazee wale watakasirika au watacheka, nami ningependa kusoma mazungumzo hayo.

Usiisahau bahari. Mwezi wa Aprili 1498 merikebu ya São Rafael, moja ya zile za Vasco da Gama, ilikwama kwenye mafungu ya pwani hii, na waliporudi kutoka Bara Hindi mwezi wa Januari 1499, wakiwa wamepungukiwa na mabaharia kiasi cha kutoweza kuziendesha merikebu zote tatu, waliiteketeza hiyo hiyo kwa moto hapa hapa kwetu. Katika makaburi yako bila shaka mna aliyeuona moto ule kwa macho ya nyama na aliyeuona akiwa amekwisha kuzikwa, na kila mmoja atausimulia kwa namna yake. Mimi ningewaacha wagombane juu ya moto ule katika kitabu kizima bila ya kuwapatanisha.

Sasa kuhusu swali lako. Sijui sana mambo ya ngeli, lakini najua tunavyofundishwa kuingia makaburini. Unatoa salamu, na salamu yenyewe unawaambia wao, kwa wingi wa watu: amani iwe juu yenu, enyi wenyeji wa makao haya. Hakuna aliyewahi kuyasalimia makaburi kama mawe. Kama sisi tulio hai tunawasemesha hivyo kila tunapopita, sioni kwa nini mtoto anayelala nao awataje kwa "ilisema".

Jambo ambalo hukuliuliza, nami naona ndilo litakalokusumbua zaidi: mtoto atakula nini? Aliyekufa hapiki. Jibu liko mbele yako. Kwenye mapango ya Amboni, upande wa pili wa mji, watu wamekuwa wakipeleka sadaka na nadhiri zao tangu enzi za mababu, na Kaole kule Bagamoyo lipo kaburi la sharifa ambalo watu hulizuru kwa kuomba dua. Basi wafanye watu wa kijijini katika kisa chako wawe na desturi ya kuacha sinia kwenye kaburi mojawapo: mkate wa kumimina, mayai ya kuchemsha, kuku wa kuokwa. Kila wakirudi wanakuta sinia tupu, wanasema sadaka imepokelewa, imani inazidi, na masinia yanaongezeka. Mtoto ananenepa. Siku atakapoondoka, masinia yatabaki yamejaa hadi kunguru wayamalize, na kijiji kizima kitaingiwa na hofu kwamba kimelaaniwa. Hicho ni kisa kizima ambacho umekipata bure, nami sidai senti.

Na lugha yao isiwe ya tenzi za Lamu na Pate. Nimewaona waandishi wakitaka mtu wa kale aonekane wa kale, wanamtia kinywani "mato" kwa macho na "ndia" kwa njia, bila ya kujali kwamba hayo ni maneno ya kaskazini. Watu wako ni wa Mtang'ata. Wana lahaja yao. Nenda kakae na bibi wa Tongoni au wa Mwarongo mchana mmoja anapochambua dagaa, utaondoka na maneno ya kukutosha.

Kalamu Nyekundu amejibu:

Bi Mwalimu, nimehariri vitabu vya watoto kwa muda mrefu, na ningependa kukutetea mbele ya huyo mwenzako wa kazini, ingawa naye sikumwona mjinga. Kanuni tuliyofundishwa ni kwamba nomino ya kiumbe hai hufuata upatanisho wa A-WA hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine. Ndiyo maana tunasema kipofu amefika na vifaru wamelala, wala hatusemi kimefika na vimelala. Mwenzako ameshika neno "hai" na kulikazia: mzimu si kiumbe hai, kwa hiyo ubaki na mti na mto.

Lakini hebu tuyatazame maneno mawili ambayo yana umbo lile lile la m- na mi-. La kwanza ni mtume. Wingi wake ni mitume, na katika maisha yangu yote sijamsikia mtu akisema "mitume ilitumwa". Tunasema mitume walitumwa, nao wamekwisha kufa tangu zamani. La pili ni mungu, ambalo wingi wake ni miungu, na katika tafsiri ya Biblia iliyozoeleka amri ya kwanza inasomeka "Usiwe na miungu mingine ila mimi", wala si "miungu wengine". Kwa hiyo umbo moja la neno limegawanyika njia mbili, na kilichozigawa si uhai wala kifo. Tunampa wa- yule tunayemkiri kuwa ana nafsi, mwenye kusema na kusikia, na tunampa i- yule tunayetaka kumweka mbali, au kumshusha, au kumkana.

Ukilikubali hilo, basi tatizo lako limegeuka kuwa chombo, na ningekusihi usichague upande mmoja. Wanakijiji waseme "mizimu imekasirika", "mizimu inataka sadaka", kama wanavyosema kweli hadi leo. Msimulizi naye aanze kwa i- usiku ule wa kwanza, mtoto anapoingia akilia na kitu kisichojulikana kinasogea kwenye giza. Halafu mmoja wao anajitaja jina. Kuanzia hapo asitumie tena i- kwa wale wa makaburini kila anaposimulia kwa macho ya Mashaka. Usimweleze msomaji, wala usiweke maelezo pembeni. Mtoto wa miaka 13 hataweza kukuambia ni nini kilichobadilika, lakini atakuwa amehama upande. Na mwishoni, Mashaka akiwa kijana anayeishi mjini, siku ulimi wake utakapoteleza akasema "mizimu ilinilea", msomaji atapata uchungu ambao kurasa kumi za machozi hazitauleta. Kumbuka kwamba lugha nyingi hazina mlango huu kabisa, maana ndani yake mzuka na mtoto hutumia kitenzi kile kile. Sisi tunao, na ni dhambi kuufunga kwa ajili ya mstari mwekundu.

Nina nyongeza ndogo juu ya msamiati. Usichanganye mzimu, mzuka, pepo, zimwi na jini kana kwamba ni visawe vya kupambia ukurasa. Mzuka huonekana ghafla na kutoweka. Pepo hupanda kichwani na hupungwa kwa ngoma. Zimwi hula watu, na ni la hadithi za bibi. Mzimu hutumika kwa roho ya aliyekufa na pia kwa mahali penyewe, pangoni au chini ya mbuyu, ambapo watu huenda kutambika, na utata huo unaweza kukufaa sana. Ukivuka kwenda kwa jirani zetu Wadigo, utakuta wanalo neno koma kwa roho za waliokufa. Kama mmoja wa wafu wako aliolewa kutoka upande huo, mpe neno hilo liwe lake peke yake.

Msomaji wa Bagamoyo amejibu:

Nawasalimu kutoka Bagamoyo, na ninaanza kwa kuwaonea wivu, kwa sababu Kaole yetu ina misikiti miwili ya kale, makaburi 22, mbuyu ambao kila mgeni huambiwa auzunguke, na kisima ambacho maji yake ni matamu ingawa bahari iko karibu, na bado hakuna aliyetuandikia riwaya ya namna hii.

Ninalo onyo moja. Watu watakuambia kwamba umeiga. Neil Gaiman, Mwingereza, alitoa mwaka 2008 riwaya iitwayo The Graveyard Book, juu ya mtoto ambaye familia yake imeuawa naye akalelewa na mizuka ya makaburini; ikapata nishani ya Newbery mwaka 2009 na ya Carnegie mwaka 2010. Usiogope, kwa kuwa naye hakuficha kwamba mfano wake ni kitabu cha Kipling cha 1894 kuhusu mtoto aliyelelewa na wanyama wa mwituni. Mlango huo hauna mwenyewe. Tatizo la chakula ambalo Mzee ameligusa, Gaiman amelitatua kwa mlezi ambaye si hai wala si mfu, anayeweza kutoka nje ya makaburi na kurudi na mahitaji. Masinia ya Mzee naona yana utamu zaidi.

Lakini lipo jambo ambalo kule limepita kirahisi na hapa halitapita. Mtoto wa pwani hawi yatima asiye na mtu. Ana shangazi, ana mjomba, ana bibi mzaa baba na bibi mzaa mama, ana majirani ambao watamgombania kabla matanga hayajaanuliwa. Msomaji wa Tanga atakapofika ukurasa wa pili atauliza, "Ndugu zake wako wapi?" na usipomjibu hatafika ukurasa wa tatu. Mimi ningemweka baba mdogo. Marehemu ameacha shamba la minazi, baba mdogo amelishika kwa jina la kumtunzia mtoto, na mtoto akipotea yeye hapotezi kitu. Kwa hiyo hamtafuti. Mtu wa namna hiyo anatisha kuliko muuaji yeyote mwenye kisu, kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kula naye pilau.

Mkazi wa Barabara ya Nane amejibu:

Wa aleikum salaam warahmatullah, Bi Mwalimu. Mimi nafundisha watoto madrasa jioni, na kwa kuwa umeuliza kuhusu wazazi, naona nijibu bila ya kuzungusha. Mafundisho tuliyonayo ni kwamba aliyekufa yuko barzakhi, kwenye kizuizi kilichopo baina ya dunia na siku ya kufufuliwa, na harudi kuja kulea watoto wala kuchambua habari za merikebu. Kinachowatokea watu makaburini kwa sura ya marehemu, wanavyuoni wengi hukihesabu kuwa ni majini. Kwa hiyo mzazi akikuta mwanawe anasoma kwamba wafu wa Tongoni wanapokea masinia na kwamba hilo ni jema, atakifunga kitabu, nami sitamlaumu.

Hata hivyo sisemi uache. Watoto hawa hawa hukaa wakasikiliza hadithi za majini usiku umeme unapokatika, na wanajua vizuri kwamba hadithi ni hadithi. Ninachoomba ni kwamba shaka hiyo iwemo ndani ya kitabu chenyewe, isiachwe nje mikononi mwa mzazi mwenye hasira. Mweke mzee mmoja aliye hai, imamu wa kijiji, mtu mwenye huruma na si kichekesho, ambaye anamkuta Mashaka akiwa na miaka 10 na kumwambia waziwazi, "Mwanangu, hao si marehemu. Hao ni wengine waliojivika majina ya marehemu." Mtoto arudi makaburini na neno hilo moyoni. Awatazame walezi wake kwa jicho jingine. Je, aliyemfunika shuka usiku wa baridi ni nani? Sidhani kwamba unalazimika kulijibu.

Ndugu yetu wa Bagamoyo ameligusa la baba mdogo, nami namuunga mkono kwa nguvu. Surat An-Nisaa, aya ya 10, inasema kwamba wanaokula mali ya yatima kwa dhulma hakika wanakula moto matumboni mwao. Mizimu yako, au majini yako, hayana haja ya kumtisha mtu huyo kwa kelele za usiku. Yamtokee mara moja tu wakati wa chakula, yakae kimya, yamtazame anavyotafuna.

Mwalimu wa Ngamiani amejibu:

Nimesoma majibu yote mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu, na naomba niseme kwanza kwamba sitaweza kuyafuata yote kwa sababu mengine yanavutana. Imamu wa Ustadhi anaingia, tena anaingia mapema zaidi ya alivyopendekeza, Mashaka akiwa na miaka 8, kwa kuwa nadhani mtoto wa miaka 10 amekwisha kujifunza kuficha anachokifikiri. Masinia ya Mzee nayachukua, lakini hapo ndipo Mzee na Ustadhi wanapogongana, na baada ya kufikiri nimeona nisiwapatanishe: imamu ndiye atakayekuwa anawakataza wanakijiji kupeleka masinia, kwa haki kabisa, bila ya kujua kwamba kila sinia analolizuia ni chakula cha jioni cha mtoto. Nilipofika hapo niliiacha kalamu mezani nikatoka barazani kupata upepo.

Baba mdogo naye ameingia, na shamba la minazi limekuwa la Mwarongo. Nilikuwa nimeandika mhalifu mwenye joho jeusi, jambo ambalo sasa naona haya kulitaja.

Kuhusu ngeli, nimejaribu ushauri wa Kalamu Nyekundu katika ukurasa ule wa usiku wa kwanza, na naweka hapa kipande kidogo mniambie kama kinapita:

"Kilio cha mtoto kiligonga ukuta wa kibla kikarudi. Mizimu ilisogea. Ilikuwa mingi kuliko makaburi, nayo ilikuja bila kukanyaga majani, ikasimama mbali kidogo na mtoto kama inavyosimama mikoko maji yanapojaa. Mmoja ukainama. 'Usilie,' ukasema. 'Mimi naitwa Mwanaisha. Nilikuwa na mtoto wa kimo chako.' Mtoto akanyamaza, akamtazama. Mwanaisha akavua ushungi wake, ambao haukuwa na uzito wowote, akamfunika. Wenzake nyuma walikuwa wamekaa kimya wakisubiri."

Mwenzangu wa kazini amekisoma bila ya kuchukua kalamu nyekundu, akaniuliza tu kama mtoto anaponea chupuchupu kwa yule baba mdogo.

Limebaki moja linalonisumbua. Mashaka amwite Mwanaisha nani? "Mama" siwezi, kwa sababu mama yake amekufa juzi na kaburi lake bado udongo wake ni mbichi. "Bibi" inamzeesha, na Mwanaisha alikufa akiwa na miaka kama 20 hivi, katika uzazi. Kumwita kwa jina lake tupu ni utovu wa adabu ambao hata mzimu hautauvumilia, au niseme hatauvumilia.

Mzee wa Mtang'ata amejibu:

Amwite mama mdogo, mwanangu. Ndivyo tunavyomwita anayekaa mahali pa mama bila ya kumwondoa mama mahali pake, na mtoto wa miaka mitatu analijua neno hilo tayari kutoka nyumbani. Kwamba huyo mama mdogo amemzidi mama mkubwa kwa miaka 500 waachie wafu wengine wafanyie utani. Wale waliozikwa karibu na mlango wa msikiti nawaona ni watu wa utani. Na ukija kuangalia mahali, njoo asubuhi maji yakiwa yamekupwa, uvae viatu vya kufunika vidole, kwa sababu kule nyuma kwenye nguzo zilizoanguka kuna miiba.